Kisanduku cha Saa Nane

Marlys Tollefson anasema aliyaona kwa macho yake mawili, na macho hayo yametoka kufanyiwa upasuaji mwezi wa kumi, kwa hiyo asije mtu akamwambia alikuwa haoni vizuri. Anasema alikuwa amekaa ukingoni mwa bwawa la watoto wadogo pale hoteli ya Silver Loon, suruali ameikunja mpaka magotini, miguu ndani ya maji. Ilikuwa Siku ya Wenyeji, Jumapili ya mwisho ya Januari. Wajukuu zake wawili walikuwa chini ya ile ndoo kubwa inayojaa na kujimwaga. Mara, anasema, maji ya mbele yake yakageuka. Si kwamba kulikuwa na kitu kinaelea, hapana. Yaligeuka rangi, kama kahawa unapoitia maziwa. Na wa kwanza kutolewa kwenye maji hayo alikuwa nani? Mtoto wa Lorna Haugen. Mama yake mwenyewe, na sare ya hoteli mwilini, alitupa wavu, akaingia na viatu vyake, akamkamata binti yake mkono, akamkokota nje kama furushi. "Sasa niambieni," Marlys anamalizia, "huyo mama alijua kitu gani ambacho sisi wengine hatukukijua?"

Aliyasema hayo kwenye foleni ya duka la vyakula. Aliyasema saluni akiwa na rola kichwani, na akayasema tena kwenye simu kwa watu watano au sita, kila mmoja akiapa hatamwambia mwingine. Kufikia Ijumaa ya wiki ya pili, watu mia moja na arobaini wa Elk Ferry, mji wenye watu elfu tatu tu, walikuwa wanaharisha. Chekechea ilifungwa. Duka la dawa liliishiwa chumvi za kuchanganya na maji. Na kila aliyekuwa ameketi chooni ameshika tumbo alikuwa na jina la kulaani, na jina lenyewe lilikuwa la mtoto wa miaka mitano: Britta Haugen.

Lorna alikuwa wa mwisho kusikia. Alikwenda dukani kununua biskuti za chumvi na supu ya makopo, maana Britta alikuwa hashiki kitu tumboni siku ya sita. Msichana wa kaunta, ambaye Lorna alimfahamu tangu akiwa mchanga, alipokea noti kwa ncha za vidole. Lorna hajafika mlangoni akasikia chupa ya dawa inapulizwa nyuma yake. Aligeuka. Msichana alikuwa anapangusa mkanda wote ulipopita mzigo wake.

"Si mimi," msichana alisema, uso umemwiva. "Meneja ndiye kasema. Kwa ajili ya familia yenu."

"Familia yetu imefanya nini?"

Ndipo alipoambiwa. Aliambiwa mbele ya watu wanne waliojifanya wanasoma vibandiko vya bei. Na palepale, kama angefungua mdomo wake, huenda mambo yote yangekwenda njia nyingine. Lakini Lorna alichukua mfuko wake akatoka. Alikaa ndani ya gari, injini imezimwa, kioo kikiganda kwa pumzi yake, akawa anasema peke yake maneno ambayo alipaswa kuyasema mle dukani.

Ukweli aliujua. Ulimkaa kooni tangu Jumapili ile, kama mwiba wa samaki.

*

Kazi ya Lorna Silver Loon ilikuwa kupima maji. Kila baada ya saa mbili alichota maji ya kila bwawa kwenye kichupa, akadondoshea dawa, akalinganisha rangi, akaandika namba kwenye daftari na kutia sahihi. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Jinsi ilivyofanyika ilikuwa tofauti kidogo. Mikono ya mpima maji haikauki, na karatasi ikishalowa kalamu inaichana, kwa hiyo wapima maji wote pale walitia sahihi asubuhi, mikono ingali mikavu, visanduku vyote vya siku nzima kwa mpigo mmoja. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Namba zilikuja kujazwa baadaye. Aliyemfundisha Lorna kazi alimwonyesha hivyo siku ya kwanza, naye alikwisha kuwaonyesha wengine watatu. Hakuna aliyewahi kuona ubaya wake. Mtu anasaini kazi atakayoifanya mwenyewe, kuna shida gani?

Siku ya Wenyeji huja mara moja kwa mwaka. Watu wa Elk Ferry huingia bure, kila mtu na kopo moja la chakula kwa ajili ya maskini, na gazeti la mji huja kupiga picha ya rundo la makopo. Nje ilikuwa baridi ya kugandisha kope. Ndani watu mia nane walikuwa wamevaa nguo za kuogelea, na harufu ya klorini ilikuwa kali mpaka waokoaji wanakohoa kwenye viti vyao. Watu wa mji ule waliipenda harufu hiyo. Waliingia, wakavuta pua, wakasema, ah, pasafi hapa. Lorna alikuwa amefundishwa siku mbili kwenye kozi kwamba bwawa safi halinuki. Kinachonuka ni klorini iliyokwisha kupigana na jasho na mikojo ya watu, na hewa isipotoka inakaa palepale juu ya maji. Na hewa haikutoka. Kila Januari hoteli ilifunga matundu ya kuingiza hewa ya nje, maana kuipasha moto ni ghali. Hayo nayo Lorna aliyajua.

Mume wake, Duane, alikuwa ndani ya bwawa la watoto wadogo, amempakata Britta. Duane ana figo moja la kupewa. Dada yake Joleen alimtolea miaka minane iliyopita, na tangu hapo anakunywa vidonge asubuhi na jioni vya kuutuliza mwili usilikatae. Hospitali walimkataza maji ya ziwa. Ya bwawa lenye klorini hakuna aliyemkataza.

Ilikuwa karibu saa nane mchana. Mtoto mmoja wa miaka miwili hivi, mgeni wa hotelini, kaptura ya buluu, alisimama hatua tatu kutoka kwa Duane, akakunja uso. Mama yake alimwinua, akaona, akamkumbatia na kuondoka mbio na taulo. Hakuna aliyewajua, wala hawakuonekana tena. Maji yaligeuka kama Marlys alivyosema. Lorna alipitisha wavu mara moja, ukatoka mtupu. Basi akautupa. Na hapo alifanya kile ambacho mji mzima ulikiona: alimtoa wa kwake. Akamwambia Duane toka, nenda nyumbani, mkaoge kwa sabuni. Halafu ndipo akapuliza filimbi kwa ajili ya watoto wa watu wengine.

Craig Pruett, kiongozi wa zamu, alikuja akitembea upesi bila kukimbia, jinsi walivyofundishwa. Craig si mtu katili. Ni mtu anayeogopa simu ya ofisini. Lorna alimweleza kwamba mtoto amehara, kwamba ni majimaji, kwa hiyo bwawa lifungwe na watie klorini nyingi mpaka kesho. Kama kinyesi kingekuwa kigumu, nusu saa ingetosha. Craig alitazama maji, akamtazama mpiga picha wa gazeti aliyekuwa anapanga watoto karibu na makopo.

"Ni kigumu," alisema.

"Craig, wavu umetoka mtupu."

"Nimekiona mimi. Kigumu."

"Umekiona wapi?"

"Lorna. Una mume mgonjwa anayekula bima ya hoteli hii, sivyo? Basi usinianzie."

Alikwenda kwenye daftari mwenyewe. Kwenye kisanduku cha saa nane, ambamo sahihi ya Lorna ilikuwa imekaa tangu asubuhi, aliandika *kigumu, kimetolewa*, kwa herufi kubwa safi. Saa nane na nusu watoto wakarudi majini wakipiga kelele. Lorna alisimama pembeni na kichupa chake mpaka zamu ilipokwisha.

*

Britta alianza kuharisha Jumamosi. Duane alifuata Jumatatu, na Jumatano Joleen akampeleka kwenye hospitali kubwa ya mjini, mwendo wa saa moja na nusu, kwa sababu alikuwa hawezi kusimama bila kushika ukuta. Duane ni fundi wa injini za boti na mashine za theluji, mtu wa mabega mapana. Alivuliwa fulana pale kitandani, Lorna akaona mbavu.

Daktari Iyer, mwanamke mfupi anayesema taratibu, alisema damu inaonyesha figo linapoteza nguvu. Alifikiri huenda mwili umeanza kulikataa. Aliuliza wamekula nini, wamesafiri wapi, wamekunywa maji gani. Duane alimwambia kuhusu Silver Loon, kwamba kulikuwa na ajali ya mtoto bwawani. Daktari alisema habari hiyo wanayo, wamekwisha kupiga simu. Hoteli imesoma kutoka kwenye daftari: kilikuwa kigumu, kilitolewa, taratibu zote zilifuatwa. Kwa hiyo wameiweka kando. Alimgeukia Lorna. Kuna kitu kingine anachokikumbuka?

Lorna aliangalia mirija ya dawa mkononi mwa Duane. Asubuhi ile Craig alikuwa amempigia simu, kwa sauti ya upole kuliko kawaida, akimwambia kwamba wakubwa wanapitia madaftari na kwamba wote wana bahati kwa sababu daftari la Jumapili lina sahihi kila mahali. Alimwuliza Duane anaendeleaje. Akasema hoteli haisahau watu wake.

"Hapana," Lorna alisema. "Chakula cha kawaida tu."

Siku mbili. Siku mbili walimtundikia Duane dawa za kupambana na ugonjwa ambao hakuwa nao. Joleen alikuja kutoka kazini na nguo za kiwandani, akakaa miguuni pa kaka yake. Duane alijaribu kumchekesha.

"Figo lako limeanza kisirani," alimwambia. "Nilijua tu. Lina tabia zako."

"Nyamaza, unamaliza maji mwilini," Joleen akasema, akageuza uso ukutani.

Hapo ndipo Lorna alipoinuka. Hakuwa na ujasiri wowote. Ilikuwa aibu tu imemjaa mpaka ikafurika. Alimkuta Daktari Iyer kwenye korido, anakula tofaa amesimama, akamwambia yote: wavu mtupu, rangi ya maji, kisanduku, sahihi ya asubuhi. Alisema kwa haraka, macho yakiwa kwenye tofaa.

Daktari aliacha kutafuna. Alieleza kwamba kuna kijidudu ambacho klorini ya kawaida haikiui, na kwamba kipimo cha kawaida cha choo hakikionyeshi. Lazima mtu akiombe kwa jina. Halafu akasema, pole pole vilevile, "Kama Jumatano ningejua..." na hakumaliza. Alikuwa mtu mwema. Lorna angependa zaidi amalizie, amtukane, ampige kofi hapohapo mbele ya manesi.

Jibu lilitoka kesho yake. Kijidudu kilikuwamo, tele. Walibadilisha dawa. Kuharisha kulipungua, lakini figo lilikuwa limeshuka mpaka robo ya nguvu zake, na Daktari Iyer alisema waziwazi kwamba linaweza kupanda na linaweza lisipande. Miezi mitatu ya vidonge vikali, vipimo kila wiki, na uangalizi wa karibu. Vikikatika hata wiki mbili, basi ni mashine ya kusafishia damu, na hesabu ya kutafuta figo jingine. Joleen hana la pili la kutoa.

Duane aliyasikia yote, pamoja na nani aliyemwambia daktari habari za maji. Daktari alipotoka, akamwuliza mkewe ni lini alijua.

"Tangu Jumapili yenyewe."

"Na Jumatano, alipokuuliza?"

"Nilijua."

Duane alivuta blanketi. Alisema anataka kulala, na Lorna alimjua mume wake vya kutosha kufahamu kwamba hakuwa na usingizi.

*

Bahasha zilikuja mbili siku moja, zote na nembo ya hoteli, ndege wa rangi ya fedha, kwenye kona. Ya kwanza ilikuwa kwa kila familia iliyotoa taarifa ya ugonjwa. Ilisema Silver Loon inasikitika kusikia kwamba baadhi ya wageni hawakujisikia vizuri, na ndani yake mlikuwa na tiketi nne za bure za kuogelea, zisizotumika Jumamosi na Jumapili. Ya pili ilikuwa ya Lorna peke yake. Ilisema kwamba amesimamishwa kazi wakati uchunguzi ukiendelea, kwa kuwa sasa anadai hospitalini kwamba taarifa aliyoitilia sahihi mwenyewe ilikuwa ya uongo. Ikithibitika ameandika uongo, atafukuzwa, na bima ya familia itakoma mwisho wa mwezi.

Lorna aliisoma amesimama kwenye ngazi, buti zikizama kwenye theluji. Hasira ilimpanda pole pole kutoka miguuni, ikafika masikioni. Waliofunga matundu ya hewa walikuwa wanakula chakula cha mchana. Aliyeandika neno lile alikuwa anakwenda kazini kila asubuhi na kuning'iniza koti lake. Bwawa lilikuwa wazi kama kawaida, mabasi ya shule za mbali yanashusha watoto mlangoni. Na yeye ndiye mwongo. Alizichana zile tiketi nne, halafu akaokota vipande kimoja kimoja, maana jirani wa mbele alikuwa dirishani na hakutaka aseme kwamba Haugen wanatupa takataka.

Mkaguzi wa afya wa wilaya aliitwa Bwana Stang. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya mahali pa kulipia leseni za kuvua samaki. Alimsikiliza Lorna mpaka mwisho, akaandika, akamfungulia jalada. Akamwonyesha nakala ya ukurasa wa daftari. Kisanduku cha saa nane, neno la Craig, na chini yake, kwa mwandiko wa mviringo ambao mwalimu wake wa darasa la tatu aliusifu, *Lorna Haugen*.

"Bwana Pruett anasema maneno haya ni yako," Stang alisema.

"Huo si mwandiko wangu, angalia tu."

"Naona. Anasema wewe ulimtajia, yeye akakuandikia, kwa sababu mikono yako ilikuwa imelowa. Halafu ukasaini."

"Sahihi ilikuwepo tangu asubuhi."

"Kwa nini?"

Lorna alieleza. Alipokuwa anaeleza alisikia jinsi inavyosikika ndani ya ofisi yenye joto, mbele ya mtu mwenye mikono mikavu. Stang aliweka kalamu chini. Alimwambia, si kwa ubaya, kwamba Craig Pruett anasema pia mtoto mwenyewe alikuwa wa Lorna, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kubadilisha maneno sasa. Waokoaji wawili waliokuwa zamu hiyo wamesema hawakuona. Mmoja ana miaka kumi na saba, alikuja na baba yake, akawa anamtazama baba yake.

"Mimi nakuamini, Bibi Haugen," Stang alisema. "Lakini kuniamini kwangu hakuingii kwenye jalada. Niletee mtu mmoja. Mmoja tu, asiye wa ukoo wenu, aliyeona maji, aandike na kusaini. Jumatatu saa sita mchana nafunga. Nikifunga hivi lilivyo, hoteli ilifuata taratibu, na wewe umedanganya mara moja kati ya mbili, kwenye daftari au hapa kwangu."

Alikuwa kwenye njia ya kurudi, nyuma ya gari la kumwaga chumvi barabarani, mwendo wa kinyonga, alipokumbuka maneno ya Marlys. Kwa wiki nzima aliyasikia kama matusi juu ya binti yake. Hakuwa ameyasikia kama maneno. *Si kwamba kulikuwa na kitu kinaelea. Kama kahawa unapoitia maziwa.* Mji mzima ulikuwa unakisema kile Stang alichokitaka, dukani na saluni, kila siku, bure, na kila mtu alikipokea kwa ajili ya kumchukia mtoto.

*

Alimpigia Marlys Ijumaa, simu ikaita mpaka ikakatika. Jumamosi alikwenda nyumbani kwake. Gari la Kent, mwana wa Marlys, lilikuwa uani, lile la kusukuma theluji. Kent ndiye anayesafisha maegesho ya Silver Loon msimu wote, na ukiondoa kazi hiyo hana kazi ya maana mpaka Aprili. Alifungua mlango robo. Alisema mama amelala. Nyuma yake Lorna alisikia redio na kijiko kikigonga kikombe.

"Mwambie nilikuja."

"Nitamwambia," Kent alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Lorna, tuache. Mwanangu Anders ameharisha siku tisa. Tuache tu."

Ikabaki Jumapili. Lorna alimwachia Joleen Britta, maana wiki iliyopita, kanisani, mama mmoja alikuwa amemhamisha mtoto wake kutoka kiti cha karibu na Britta, bila kusema kitu, kama anayehamisha pochi. Alikaa nyuma peke yake. Ibada ilipokwisha watu walishuka ghorofa ya chini kunywa kahawa, na zamu ya kumimina ilikuwa ya Marlys. Lorna alijua. Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani tangu Novemba.

Alipanga foleni kama watu wote. Alisikia mazungumzo yanapungua mbele yake na kuanza tena nyuma yake. Mezani palikuwa na keki za mtama na za malimau, zimekatwa vipande vya mraba. Mzee mmoja alimwuliza Duane yukoje, akajibiwa, akatazama viatu vyake. Foleni ikasogea. Marlys alikuwa amevaa aproni ya kanisa na kizibao chake cha zambarau. Alinyanyua kikombe bila kumwangalia.

"Maziwa yapo pale," alisema.

"Sijaja kwa kahawa, Marlys." Lorna alitoa fomu ya Stang, akaiweka kando ya vikombe, na kalamu juu yake. "Mkaguzi anataka mtu mmoja aliyeyaona maji. Nataka uandike yale yale unayoyasema. Usiongeze hata neno."

"Hapa ni kanisani, mpenzi wangu."

"Najua ni wapi."

"Mimi sitaki mambo ya mahakama."

"Si mahakama. Ni karatasi moja. Umeyasema saluni, umeyasema dukani, mpaka watoto wa chekechea wanayajua. Yaseme na hapo."

Marlys alifungua mfereji wa birika, kahawa ikaanza kujaza kikombe ambacho hakuna aliyekiomba. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo, na wote wa karibu walisikia.

"Wako ulimtoa. Niliona. Ulimkokota wako, ukamtoa na baba yake, halafu wangu ukawaacha. Nusu saa baadaye ukasimama palepale na kichupa chako, Anders akarudi majini mbele yako. Mbele yako, Lorna. Hukusema neno."

Lorna alikuwa amejitayarisha kwa mengi. Alikuwa amejitayarisha kwa Kent, kwa mkataba wa theluji, kwa mahakama. Kwa hili, hapana. Alishika ukingo wa meza.

"Ni kweli," alisema. "Niliogopa kazi yangu, nikawaacha. Andika na hilo. Liandike la kwanza."

Kahawa iliendelea kupanda ndani ya kikombe.

"Na ukitaka, andika alikuwa Britta. Mimi najua hakuwa yeye, na wewe, ukifunga macho ukakumbuka, unajua ulimwona mtoto mwenye kaptura ya buluu. Lakini andika alikuwa Britta, sitabisha. Nitasema hivyohivyo kwa Stang. Mtoto wangu ataishi nalo, ana miaka mitano, atakua. Duane hana muda huo. Bima ikikatika, vidonge vinakatika." Sauti yake ilikuwa imepanda, naye hakuishusha. "Mtuseme mnavyotaka. Mpanguse mikanda. Ila maji yale yaligeuka rangi, Marlys, nawe uliyaona, na kesho saa sita mchana kuna mtu anayefunga jalada lenye neno la uongo juu ya jina langu. Nakuomba uandike rangi ya maji. Basi. Rangi tu."

Kahawa ilifika ukingoni mwa kikombe, ikamwagika kwenye kitambaa cheupe, ikaanza kuifuata fomu. Lorna aliivuta kabla haijalowa, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, kalamu ikiwa juu. Marlys alifunga mfereji. Aliangalia karatasi, akamwangalia Kent, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, koti limefungwa, amembeba mwanawe mdogo begani. Nyuma ya Lorna foleni nzima ilikuwa imetulia na vikombe vitupu mkononi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia asogee.